Ijumaa Kumi za Mama Magdalena

Bigwa,
Morogoro.
12 Novemba 2024.

Mpendwa kaka Benedikto,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kaka. Najua ilipasa niandike "Padre" mbele ya jina lako, lakini mimi ndiye niliyekuwa nakufulia soksi ulipokuwa ukirudi likizo kutoka seminari, kwa hiyo leo utanivumilia. Leo nakuhitaji uwe kaka kwanza.

Hujambo huko Malawi? Mgongo umepoa? Mara ya mwisho uliniambia unasoma misa umeegemea altare kama mtu anayesubiri basi, nikacheka, halafu usiku nikakuombea. Uwe unatumia ile dawa ya kuchua niliyokutumia, usiwagawie wanakwaya. Nakujua wewe.

Sisi huku hatujambo, tunajikongoja. Shemeji yako Eustace magoti yanamsumbua, ila kuongea anaongea kama zamani. Mvua za vuli zimeanza mapema na mlima hatujauona wiki nzima kwa ukungu. Mboga zimeshuka bei, nyanya hazishikiki. Mjukuu wako wa mwisho yupo darasa la kwanza na tayari anamsahihisha mwalimu wake. Sijui karithi kwa nani.

Barua hii atakuletea Sista Agripina, anapanda basi Alhamisi pale Msamvu. Utajiuliza kwa nini nisipige simu. Kaka, nimeishika simu mara tatu. Mara zote tatu nimeisikia sauti yako, nikakusalimia, nikakuuliza habari za mgongo, nikakata. Kuna neno halinitoki mdomoni, labda litatoka kwenye kalamu.

Nianze na lililo rahisi. Kanisa limekwisha. Ulipoondoka uliliacha nguzo na nondo, sasa lina paa la bluu linaloonekana toka barabara ya Dar. Jumapili misa ni tatu na zote zinajaa, wa misa ya pili wengine wanasali wamesimama nje chini ya turubai. Wanafunzi wa Mzumbe wanakodi gari kuja kusali kwetu. Ukutani kuna runinga mbili kubwa ili wa nyuma waone altare, na kwaya ina sare nne. Siku ya kutabaruku Askofu alisema parokia yetu imefanikiwa. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, na mimi nilikuwa benchi la pili toka mbele.

Sasa Halmashauri ya Walei ilikuwa imeanzisha mashindano ya jumuiya. Kila Jumamosi tukimaliza kusali, mwenyekiti anaita majina, anaweka vema kwa aliyekuja, na mwisho wa mwezi daftari linapelekwa ofisini. Wanatazama walioandikwa ni wangapi na wanaohudhuria ni wangapi, wanatoa asilimia. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna tulikuwa wa tano kutoka mkiani. Mimi, mwalimu mstaafu wa miaka thelathini na nne, niwe mwenyekiti wa jumuiya ya tano kutoka mkiani! Unanijua kaka. Sikulala.

Daftari hilo lina kazi nyingine pia. Zamani katekista Thobias alikuwa anazunguka kwa miguu, anajua mgonjwa yupo nyumba gani na anaumwa nini, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi anamwongoza Padre nyumba kwa nyumba kupeleka Komunyo. Alipofariki mwaka jana, Mungu amrehemu, ofisi ikaamua wenyeviti tuandike M mbele ya jina la mgonjwa, na Padre azungukie hao. Mpango mzuri, na mimi niliusifu kikaoni.

Kwaresima nikakaa mezani nikalisafisha lile daftari. Unakumbuka utaratibu wa shule, mtoto asipoonekana siku tisini anafutwa kwenye mahudhurio, anaandikwa mtoro. Hakuna aliyenituma kuuleta huo utaratibu kanisani, ni mimi tu na mazoea yangu. Nikachukua kalamu nyekundu nikapitia majina. Sita walikuwa na mapengo kuzidi siku tisini. Wa nne wao alikuwa Mama Magdalena.

Ndiyo, Mama Magdalena wetu, aliyekusimamia ubatizo wako. Aliyeteremka na mikungu yake ya ndizi msimu mzima, akauza, akakununulia lile sanduku la bati ulilokwenda nalo seminari. Mtaani kila mtu anamwita Bibi, sisi wawili tu tumebaki kumwita Mama.

Nilisita, sitakudanganya. Nikawauliza wenzangu, nani amemwona? Semeni, katibu wetu, akasema atakuwa amekwenda Ifakara kwa binti yake Pendo, kwa sababu Krismasi alikuwa anamtajataja. Wengine wakaitikia. Kule kwake juu, ng'ambo ya mto, masika njia inateleza vibaya, na zamu ya kusali nyumbani kwake ilipofika tulikuwa tumeshairuka kwa ajili ya tope. Hakuna aliyepanda kutazama kama mlango umefungwa. Mimi nikaandika "mtoro" mbele ya jina lake kwa huu mwandiko wangu unaousifu kila siku.

Na haikuwa mara yangu ya kwanza, kaka. Shuleni tulikuwa tunafanya hivyo hivyo. Mtoto mzito tunamshauri mzazi amrudishe darasa, ili la saba wasajiliwe wanaojua tu na wastani wa shule upande. Wastani ulipanda kweli, nikapewa cheti. Wale watoto sijui waliishia wapi, na sikuwahi kuuliza.

Basi tukashinda. Agosti, siku ya mtakatifu somo wa parokia, Mtakatifu Anna ikatajwa ya kwanza kwa asilimia tisini na saba. Tukapewa ngao, tukakata keki, tukapiga picha na Askofu. Nilikupigia simu siku ile ile nikiwa bado na sare, ukanicheka ukasema Editha hata mbinguni atataka kuwa kiranja. Tulicheka sana siku ile.

Mwezi wa kumi, Jumamosi moja, nilikwenda Mwembesongo kununua mboga. Unamkumbuka Zuhura, jirani yake Mama Magdalena, wa nyumba inayofuata pale juu? Anateremsha mchicha na figili kila asubuhi. Akanifungia mboga zangu, akanirudishia chenji, halafu akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kuingilia mambo ya wenyewe:

"Mwalimu, Padre wenu amehama?"

Nikamwambia hapana, yupo, kwa nini? Ndipo akanieleza. Bibi alianguka siku chache baada ya Krismasi, nyonga ikaharibika, hajasimama tena. Ifakara hakwenda. Pendo mwenyewe ana mume mgonjwa wa kupooza, amekuja mara mbili tu na kurudi. Zuhura ndiye anamchotea maji, anampikia uji, anamgeuza. Na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, toka Februari, Bibi anamwamsha alfajiri, anaomba aoshwe, avishwe gauni jeupe, atandikiwe kitambaa cheupe mezani, awekewe msalaba na mshumaa. Mshumaa Zuhura anaununua mwenyewe dukani, na yeye ni Mwislamu, anaona aibu kuuliza ni upi unaofaa. Halafu Bibi anakaa anasubiri Padre. Jua likizama anasema, toa kitambaa mwanangu, kisichafuke.

Ijumaa tisa, kaka. Nilizihesabu kwa vidole pale pale sokoni nikiwa na mboga mkononi.

Nikamuuliza Zuhura kwa sauti ya ukali, kana kwamba kosa ni lake, mbona hakuja kutwambia? Akasema alitaka kuja, Bibi akamkataza. Alimwambia wanajua, wale wanajua wagonjwa wao wote, ila wana ujenzi, usiwasumbue.

Nilipanda siku hiyo hiyo. Eustace alitaka nisubiri kesho, nikamwambia magoti ni yako, si yangu. Nilimkuta amekuwa mdogo, kaka, mikono imebaki mifupa, lakini akili timamu na macho yale yale. Alifurahi kuniona mpaka nikatamani ardhi inimeze. Akaniuliza, paa mmemaliza? Yeye aliwahi kubeba kwa kichwa mchanga wa msingi wa lile kanisa, na bado hajaliona. Nikamweleza rangi ya paa, runinga, sare za kwaya. Akawa anatikisa kichwa kwa furaha. Halafu akauliza habari ya Padre.

Hapo ndipo ilipasa niseme. Nilifungua mdomo nikasema njia ilikuwa mbaya kwa mvua, Mama. Mvua ya Februari mpaka Oktoba! Akakubali. Akanipa pole ya njia.

Jumatatu nikaenda ofisini. Paroko alikuwa mafungo, wiki mbili. Karani akafungua orodha, akasema huyu hayumo, alifutwa na jumuiya yake mwezi wa tatu, kulikoni? Nikasema kuna makosa madogo ya kuandika. Kama ningesema ni mgonjwa wa kufa, kuna padre msaidizi pale, angekwenda jioni ile ile. Lakini angeuliza ilikuwaje akafutwa, ningelazimika kusema. Nikaomba tu aingizwe kwenye orodha ya Ijumaa ya kwanza ya Novemba. Nikamtumia Zuhura ujumbe kwamba safari hii Padre atakuja, saa nne asubuhi, na mimi mwenyewe nitamleta.

Sasa Ijumaa ya kwanza ya Novemba ikaangukia Watakatifu Wote, na siku hiyo tulikuwa na wageni. Mapadre na walei basi mbili, wametoka jimbo jingine, wamekuja kujifunza parokia yetu imefanikiwa kwa njia gani. Asubuhi baada ya misa Paroko akaniita, uso unang'aa, akasema Mwalimu, wewe ndiye mwenyekiti wa jumuiya bora, toa ushuhuda dakika tano tu. Nikamwambia kuna mgonjwa Padre. Akasema nakumbuka, wagonjwa wote tutawapitia jioni, leo ni sikukuu. Paroko wetu si mtu mbaya, nisije nikamharibia jina. Ana watu elfu nne na gari moja bovu.

Nikasimama, kaka. Nilishika kipaza sauti nikaeleza habari za daftari. Nilieleza vizuri, unanijua nikishika chaki. Nilipofika mahali pa kusema tulisafisha majina, sauti ilinikwama kidogo, wakadhani ni kwa ajili ya kuguswa, wakapiga makofi. Mgeni mmoja akanukuu kwenye kitabu chake. Dakika tano zikawa arobaini na maswali juu yake. Saa nne ilipita nikiwa pale mbele.

Jioni mvua ikanyesha kweli kweli, ile ya kufunga njia. Padre hakwenda kokote. Mimi nilipanda kabla haijaanza, saa tisa, peke yangu. Nilimkuta amekaa kitandani ameegemezwa mito, gauni jeupe, kitambaa mezani, mshumaa umeyeyuka nusu. Alitazama nyuma yangu mlangoni. Alitazama muda mrefu. Zuhura akatoka nje kwa kisingizio cha kuanua nguo.

Halafu Mama Magdalena akanishika kanga akanivuta karibu, akanong'ona ili Zuhura asisikie:

"Editha, niambie wewe, usinifiche. Nilikosa nini?"

Anadhani ameadhibiwa, kaka. Toka Februari anayapekua maisha yake kutafuta dhambi iliyomfanya anyimwe Komunyo. Alinitajia. Alimpiga mtoto wa jirani mwaka wa sitini na tisa. Aliwahi kuchelewa misa ya Pasaka kwa sababu ya mbuzi. Alimchukia mke mwenza wa marehemu dada yake na hakwenda kumzika. Akaniuliza ni ipi kati ya hizo, au kuna nyingine ameisahau, aiungame. Mwanamke wa miaka themanini na nne, hawezi kujigeuza kitandani, na sisi chini tumepewa ngao.

Na bado sikusema. Nilimwambia hukukosa kitu Mama, ni mvua tu. Akageuza uso ukutani. Nadhani hakuniamini, na alikuwa na haki.

Jumapili ile akaacha kula. Jumatatu Zuhura akanipigia kwamba hata maji hayapiti. Ndipo nilipokwenda kwa Paroko nikamwaga yote, daftari, kalamu, Ijumaa zote. Hakunigombeza. Akavua miwani, akasema, "Mwalimu, na mimi nilisaini hiyo orodha kila mwezi." Jumanne akapanda bodaboda mpaka mtoni, akamalizia kwa miguu, kanzu imeloa tope mpaka magotini. Tulikuwa tumetandika kitambaa.

Alimpaka mafuta matakatifu. Akamega kipande kidogo mno cha Hostia, kama punje, akakiloweka kwenye kijiko cha maji. Mama Magdalena alifungua kinywa mwenyewe. Alijaribu kumeza, tukaona koo linahangaika, halikuweza. Alikohoa mpaka tukaogopa. Padre akaipokea kwenye kitambaa akaihifadhi, akarudi nayo. Nilimsindikiza mpaka mtoni.

Jumamosi nikaisimamisha jumuiya nikawaambia wote. Baadhi walilia. Nikaomba tulirudishe jina lake kwenye daftari siku ile ile, na tuhamishie sala kwake juu. Semeni akasema, na alisema kwa upole, kwamba arudishwe Januari mwaka mpya ukianza, sababu akirudishwa sasa na wale wengine watano watadai warudishwe, asilimia itaanguka na Desemba kuna tathmini. Nikasubiri mtu amjibu. Halafu mmoja akatoa hoja ya mchango wa sabuni na sukari, ikapita haraka sana, na sukari imefika juu jana. Waliopanda nami kusali walikuwa watatu. Nitawalaumu vipi, mimi ndiye niliyewafundisha.

Ngao nimeiteremsha ukutani, haina pa kwenda. Ofisini wanasema ikirudishwa italeta maswali. Uenyekiti nimeomba kuacha, wamekataa, wanasema nani ataweza kazi kama mimi.

Wewe umesoma mambo haya miaka tisa, kaka, niambie basi. Kanisa likifanikiwa linakuwaje? Nilidhani najua. Nilidhani ni lile paa, na watu wanaokosa pa kukaa. Siku hizi nikiwa misani, Padre akisema Bwana awe nanyi, elfu nzima tunajibu mpaka kuta zinatetemeka, na mimi nawaza ni nani mwingine amekaa mahali ametandika kitambaa. Wale watano wengine niliowafuta nimewatafuta. Wawili wamehamia kwa walokole. Mmoja alinifungia mlango. Wawili sijawapata.

Sikuandikii uniungamishe, najua kwa barua haiwezekani, na hilo nitalifanya kwa miguu yangu. Nakuandikia kwa sababu yule ni mama yako na ilikuwa haki yako kuambiwa, na kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia akanijua kweli.

Juzi Jumapili baada ya misa ya kwanza nikapanda. Zuhura alikuwa anamlowanisha midomo kwa pamba. Hafungui macho tena. Nikaomba nibaki naye, nikapiga magoti, nikaweka mdomo sikioni mwake nikamwambia yote, toka mwanzo. Nikamwambia Mama, hukukosa, ni mimi niliyekufuta. Nikarudia mara tatu. Akaukaza mkono wangu, kaka, akaukaza kwa nguvu kabisa, nikalia kama mtoto.

Nilipotoka nikamweleza Zuhura kwamba amenisikia, amenishika mkono. Zuhura alinitazama kwa huruma. Akasema siku hizi anakaza mkono wa mtu yeyote, hata ukimwekea kona ya shuka anaikaza.

Sijui kaka. Sijui kama alisikia.

Eustace anakusalimu sana, anasema ukija umletee fimbo ya huko. Wajukuu wote wanakuamkia. Zuhura naye anakusalimu, anasema anakukumbuka ulivyokuwa ukikwea mipera yao. Wasalimie mapadre wenzako na yule mpishi wako mkali. Misa yako ya kwanza baada ya kuipata barua hii, umtaje Magdalena kwa jina lake lote, kwa sauti, watu wasikie, awe hai au awe ametangulia.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, na Mama Bikira Maria akufunike mgongo huo.

Mdogo wako akupendaye, na mwenye kukuhitaji leo kuliko siku zote,

Editha.